Nyuki, nyigu au mavu? Namna ya kumtambua mdudu mwenye mwiba

Wengi huanza na rangi, na hapo ndipo wanapopotea. Njano na nyeusi ni sare ya wadudu wengi mno: nyuki wa asali, nyigu wa karatasi, mavu, nzi wa maua ambao hawana mwiba hata kidogo, na nondo fulani wenye mabawa maangavu ambao mtu huapa kuwa ni nyigu mpaka awaone kwa karibu. Tena nyuki wa asali wa mzinga mmoja wanaweza wasifanane, huyu rangi ya chungwa iliyofifia na yule karibu mweusi, kwa sababu malkia wao hupandwa na madume kadhaa. Rangi iwe kitu cha mwisho kutazamwa. Anza na mabawa na vipapasio, shuka kwenye kiuno na miguu ya nyuma, kisha angalia kiota na kazi anayoifanya mdudu.

Kujua ni nani kunabadilisha unachopaswa kufanya. Kichala cha nyuki kilichotua tawini kinahitaji subira au mfugaji nyuki. Kiota cha mavu kinahitaji watu wakae mbali na mtaalamu aitwe. Vibomba vya udongo vya nyigu ukutani havihitaji lolote. Wanaowachanganya hawa ndio wanaochoma moto wadudu wasio na kosa, na ndio hao hao wanaosogelea kwa uzembe kiota kinachoweza kuwalaza hospitali.

Kwanza hakikisha ana mwiba

Nyuki na nyigu wana mabawa manne, nzi ana mawili. Kuhesabu, hata hivyo, si kwepesi: bawa la nyuma ni dogo na limeshikizwa kwenye bawa la mbele kwa safu ya vindoano, hivyo mdudu akitulia utaona kama ana mawili tu. Njia ya haraka ni vipapasio. Vya nzi wa maua ni vifupi mno, mara nyingi huvioni mpaka umsogelee, na kila kimoja kina unywele mmoja juu yake. Vya nyuki na nyigu ni virefu, vina pingili nyingi na vimepinda.

Macho nayo yanasaidia. Macho ya nzi huchukua sehemu kubwa ya kichwa na kuacha uso mdogo katikati. Nzi wa maua pia hana kiuno, na huweza kuning'inia hewani pale pale bila kusogea, kisha akaruka ghafla upande mmoja na kusimama tena. Mjanja kuliko wote ni nzi wa jenasi ya Eristalis. Ukubwa wake, rangi yake ya kahawia na hata mwendo wake juu ya ua ni wa nyuki wa asali kabisa, na picha zake huwekwa kimakosa hata kwenye maandishi yanayohusu asali. Mtazame vipapasio, basi, utamjua.

Jambo la pili ni jinsia. Mwiba ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuka kuwa silaha, kwa hiyo dume la nyuki au nyigu haliwezi kukudunga hata likitaka. Ukiwa na mdudu aliyekufa na lenzi ya kukuzia mara 10, hesabu pingili za kipapasio: kwa kawaida jike wa nyuki au nyigu ana 12, dume ana 13. Dume la nyuki wa asali huhitaji kulihesabia pingili. Ni nene, nyuma ya mwili wake ni butu, na macho yake makubwa yanakutana juu ya kichwa. Usitumie ujuzi huu kushika wadudu mkononi. Kosa moja linatosha.

Kuna pia nyigu wembamba wenye uzi mrefu unaoning'inia nyuma, wakati mwingine mrefu kuliko mwili mzima. Hawa ni nyigu wa kidusia, na uzi huo ni wa kutagia mayai ndani ya viwavi au mabuu yaliyojificha. Unatisha watu bure. Wachache wa kundi hilo, wenye rangi ya chungwa na ambao hufuata taa usiku, wana mwiba mfupi na huweza kuchoma kidogo wakibanwa.

Nyuki au nyigu: alama zinazotegemewa

Mguu wa nyuma ndio ushahidi bora. Mtazame nyuki wa asali anapotoka kwenye ua: husimama hewani kidogo, husugua miguu ya nyuma mmoja kwa mwingine, na donge la chavua lililolainishwa kwa mbochi huzidi kunenepa upande wa nje wa mguu. Sehemu hiyo ni bapa, inang'aa, imebonyea kidogo katikati na kuzungukwa na nywele ndefu zinazoshikilia mzigo. Hata akiwa hana chavua, mguu huo huonekana mpana. Mguu wa nyigu ni mwembamba na wa mviringo kutoka juu hadi chini, hauna pa kubebea kitu.

Manyoya yanafuata. Nywele za nyuki zina matawi madogo, ndiyo maana chavua hunasa mwili mzima na mdudu huonekana kama amefunikwa vumbi. Nyigu huonekana laini na anayeng'aa, ingawa wengi wana nywele chache. Hapa kuna mtego: nyuki kibarua mzee hupoteza nywele zake na kubaki mweusi unaometa. Na kuna nyuki wasiokusanya chavua kabisa, kwa kuwa hutaga kwenye viota vya nyuki wengine. Hao hawana manyoya mengi, wana mistari ya njano au nyekundu, na hata wajuzi huwaita nyigu kwa mtazamo wa kwanza.

Kiuno cha nyuki kipo lakini kimejificha kati ya kifua kinene na tumbo. Cha nyigu kinaonekana, kuanzia kubinywa kidogo tu hadi uzi mwembamba wenye urefu wa milimita kadhaa.

Alama ambayo watu hawaijui, nayo hufanya kazi vizuri sana kwenye picha, ni namna ya kukunja mabawa. Nyigu wa karatasi, mavu na nyigu wafinyanzi hukunja bawa la mbele kwa urefu wake, hivyo wakitulia bawa huonekana kama ukanda mwembamba kila upande wa mwili. Nyuki hulaza mabawa yake bapa juu ya mgongo, bila kuyakunja. Macho ya kundi hilo la nyigu pia yana pengo upande wa ndani, yakawa na umbo la figo, wakati ya nyuki ni ya yai. Kumbuka tu kwamba nyigu wa udongo wenye kiuno cha uzi na nyigu wawinda-buibui hawakunji mabawa. Kwao utategemea kiuno na miguu.

Mwisho, angalia anachotafuta. Mdudu anayekata vipande vya nyama au samaki ni nyigu, kwani anawapelekea mabuu protini. Anayekwangua mti mkavu au nguzo isiyopakwa rangi na kuacha michirizi hafifu ni nyigu anayechukua nyuzi za kutengenezea karatasi. Nyuki hula mbochi na chavua. (Wapo nyuki wachache wasiodunga katika Amerika ya kitropiki wanaokula mizoga, lakini huwezi kukutana nao kwa bahati mahali pengine.) Kinywaji kitamu hakikusaidii kuamua, maana wote hukifuata.

Kutenganisha nyuki na nyuki

Kibarua wa nyuki wa asali wa kawaida, Apis mellifera, ana urefu wa milimita 12 hadi 15. Kwa lenzi utaona kitu cha ajabu: macho yake yenyewe yana nywele. Hujenga ndani ya uwazi, kama vile shimo la mti, dari au mzinga, masega kadhaa ya nta yaliyoning'inia sambamba. Asia kuna nyuki wa asali wanaojenga nje: Apis dorsata, mkubwa, mwenye sega moja pana linaloweza kuzidi mita moja, chini ya tawi nene au mwamba, na Apis florea, mdogo sana, mwenye sega dogo lililokumbatia kijiti. Sega moja la wazi la dorsata ni la kukimbia, si la kupigia picha karibu.

Nyuki wakihama hutua kwa kichala saa chache au siku kadhaa huku maskauti wakitafuta makao. Hawana watoto wala asali ya kulinda, na matumbo yao yamejaa asali waliyobeba, hivyo kwa kawaida ni wapole. Wakishaanza kujenga masega na kulea, upole huo huisha. Ndiyo maana kichala kinachokaa zaidi ya siku chache kinastahili kuondolewa na mtu wa kazi hiyo mapema.

Swali linaloulizwa kila mara ni kama nyuki hawa ni "wakali". Kwa macho haiwezekani kusema. Mwaka 1956 mwanasayansi Mbrazili Warwick Kerr aliwapeleka Brazili malkia kutoka Afrika. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa asili ya Ulaya waliokuwapo, na uzao wao ukaenea hadi kufika Texas mwaka 1990. Nyuki hao machotara wanafanana na wengine kiasi kwamba maabara hupima mabawa kwa darubini au kuchunguza vinasaba ili kuwatofautisha. Anayekwambia ukali wa nyuki kwa kutazama picha moja anabahatisha. Kipimo cha uwanjani ni tabia: idadi ya walinzi wanaotoka ukipita, na umbali wanaokufuata.

Nyuki wasiodunga ni wadogo, wengi wao wa milimita 2 hadi 8, weusi au wa kahawia, na wanaishi nchi za joto. Mlango wao hautakupoteza: mara nyingi ni kibomba cha nta na ulimbo kinachochomoza kutoka ukutani au kwenye shina, na walinzi wamepanga vichwa kwenye mdomo wake. Mwiba wanao, ila umedumaa na hauna kazi. Wakichokozwa huingia kwenye nywele, masikio na macho na kung'ata, na baadhi ya wale wa Amerika hutoa kemikali inayounguza ngozi. Kutodunga hakumaanishi kutokujihami.

Nyuki seremala huogopwa kwa ukubwa na mvumo wake. Ni wa milimita 20 hadi 30 katika spishi nyingi, na mgongo wa tumbo lake ni mweusi, mtupu, unaong'aa. Hilo ndilo linalomtenga na nyuki wanene wa jenasi ya Bombus, ambao tumbo lao limefunikwa manyoya mazito yenye mikanda ya rangi. Eneo pia linasaidia: Bombus hawapatikani kiasili Afrika kusini mwa Sahara wala Australia bara, kwa hiyo nyuki mkubwa mweusi utakayemwona huko kwa hakika kubwa ni seremala. Tafuta tundu la duara safi kwenye boriti, lenye upana wa sentimita moja na zaidi kidogo, na unga wa mbao chini yake. Dume huning'inia mbele ya uso wako kama anayekupima. Katika spishi nyingine lina manyoya ya njano mwili mzima, na halina mwiba. Jike anao, hutumia akishikwa.

Nyuki wengi zaidi duniani huishi peke yao, kila jike na kiota chake, na hapa hesabu ya matundu inakupa jibu. Matundu mengi madogo ardhini, kila moja na mdudu wake anayeingia na kutoka, ni nyuki wapweke; unaweza kupita katikati yao bila tatizo. Tundu moja lenye msafara mfululizo wa wadudu wanaoingia na kutoka ni jamii, iwe ya nyigu, ya Bombus au ya nyuki wa asali, nayo ina walinzi. Nyuki wakata-majani utawajua hata wasipokuwepo: majani yamekatwa vipande vya duara safi kwenye kingo, na jike hubeba chavua chini ya tumbo, si miguuni.

Nyigu na mavu

Nyigu wa karatasi, wakiwemo Polistes, ni warefu na wembamba. Dalili yao kubwa ukiwa mbali ni miguu mirefu ya nyuma inayoning'inia wakiruka. Kiota ni sega moja la wazi, la rangi ya kijivu, vyumba vikitazama chini, limeshikiliwa na kikonyo chembamba cheusi kilichopakwa kitu kinachowafukuza sisimizi. Ukisimama chini yake unaona mabuu ndani. Wadudu huwa makumi, mara chache mamia. Huvumilia watu wakipita, lakini mtikiso wa ghafla, kama kufunga dirisha ambalo kiota kiko nyuma yake, huwatoa wote kwa pamoja.

Nyigu wafupi wa Vespula, wanaojulikana sana Ulaya na Amerika Kaskazini, hukunja miguu wakiruka, ni wa njano kali na nyeusi, na masega yao yamefungwa ndani ya mfuko wa karatasi. Viota vingi viko ardhini au ndani ya kuta, na ndiyo maana ajali nyingi hutokea kwa mashine za kukatia nyasi: mngurumo unatikisa ardhi, na ndani wanaweza kuwapo maelfu.

Mavu ni wa jenasi ya Vespa, asili yao Asia, Ulaya na kaskazini mwa Afrika. Usitegemee ukubwa peke yake, maana nyigu wengine wapweke huwazidi. Tazama kichwa kutoka juu: nyuma ya macho kuna sehemu pana, kichwa kikaonekana kimejaa kisogoni, wakati kwa Vespula macho yanakaribia kufika nyuma kabisa. Baada ya hapo rangi inaruhusiwa. Vespa crabro ana kifua chenye wekundu wa kahawia na tumbo la njano, na kibarua wake ni wa milimita 18 hadi 25. Vespa velutina, aliyeonekana Ufaransa karibu mwaka 2004 na kuenea, ni mweusi kifuani, ncha za miguu yake ni za njano na pingili moja ya nyuma ya tumbo ni ya chungwa. Vespa orientalis ni mwekundu wa kahawia mwenye mkanda wa njano. Vespa mandarinia, mkubwa kuliko wote, ana kichwa cha chungwa na malkia wake hukaribia sentimita 5.

Huyu wa mwisho aligunduliwa magharibi mwa Amerika Kaskazini mwaka 2019, na Marekani ikatangaza mwishoni mwa 2024 kuwa ametokomezwa. Katikati ya miaka hiyo ripoti nyingi za wananchi zilihusu wadudu wengine kabisa, hasa nyigu wakubwa wawinda-nyenze, ambao huishi peke yao na hawana kundi la kulinda. Chanzo cha kosa ni kile kile: watu walipima ukubwa na rangi, hawakutazama kichwa wala kiuno.

Nyigu wa udongo mwenye kiuno cha uzi hujenga vibomba vya tope ukutani na kuvijaza buibui waliopooza. Nyigu mfinyanzi hujenga vijungu vidogo vya mviringo vyenye shingo na kuvijaza viwavi. Wote wawili ni wapweke. Ukikwangua udongo wao hawakushambulii. Nyigu mwinda-buibui ana miguu mirefu na mabawa meusi au ya chungwa yanayotetemeka akikimbia ardhini. Ukimwona akiburuta buibui kinyumenyume, mpishe. Mwiba wa baadhi yao ni kati ya miiba inayouma kuliko yote. Mtafiti Mmarekani Justin Schmidt, aliyetengeneza kipimo cha maumivu cha 1 hadi 4, alimpa nyuki wa asali 2 na nyigu wa jenasi ya Pepsis 4. Lakini maumivu hayo hukaa dakika chache tu, na maumivu makali hayamaanishi sumu ya kuua.

Wanaotembea

Mdudu mwenye manyoya mekundu, ya chungwa au meupe, asiye na mabawa, anayekimbia ardhini kama sisimizi mkubwa, anaweza kuwa nyigu mahameli. Sisimizi wa kweli ana kipapasio kilichopinda kama kiwiko baada ya pingili ndefu ya kwanza, na kiunoni ana kinundu kimoja au viwili vilivyosimama. Nyigu mahameli hana kinundu hicho, na akibanwa hutoa sauti nyembamba. Jike hana mabawa na mwiba wake ni mrefu. Watoto humwokota kwa uzuri wake, na huo ndio mkasa wa kawaida.

Kwa sisimizi tenganisha kung'ata na kudunga. Siafu hukamata kwa taya, na taya hizo hubaki zimeshika hata mwili ukikatika. Majimoto wanaoshona majani mtini hung'ata na kurushia kidonda asidi, wala hawana mwiba wa kudunga. Sisimizi wa moto, Solenopsis invicta, hufanya yote: hushika ngozi kwa taya, kisha huzungusha tumbo na kudunga mara kadhaa. Kesho yake hubaki vipele vyenye maji meupe vilivyopangana kwa nusu duara, na hiyo ndiyo alama inayowatambulisha sisimizi wa moto.

Ukiamka na mchirizi mwekundu wenye malengelenge na hukuhisi kudungwa, usimtafute nyuki. Mara nyingi ni mbawakawa mdogo mwembamba, mwekundu na mweusi, wa jenasi ya Paederus, aliyefuata taa ukamponda juu ya ngozi. Hadungi wala hang'ati. Sumu iko katika damu yake, na ngozi huchukua nusu siku au zaidi kuonyesha.

Kumtazama bila kudungwa, na kupata picha inayotambulika

Kwa kiota cha jamii kaa angalau mita 5, na kwa mavu ongeza maradufu. Usisimame kwenye njia yao ya kuruka mbele ya mlango, simama pembeni. Usipulizie pumzi kwenye kiota, kwa sababu hewa utoayo mdomoni ni ishara ya adui. Nyuki wa asali akishadunga huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake pale pale. Ukiinusa, ondoka. Wakianza kukufukuza, funika uso kwa nguo, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari, na usijitose majini, kwani watasubiri uibuke.

Picha moja nzuri ya mgongo haitoshi. Zinahitajika tatu: juu, ubavuni hadi mguu wa nyuma uonekane, na usoni. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapasha, wadudu huwa wazito na hukaa tuli. Anayeruka mrekodi kwa video ya polepole ya fremu 120 au 240 kwa sekunde, kisha chagua fremu ambamo miguu imekaa vizuri. Kosa la kawaida ni kukuza kwa vidole mpaka picha inakuwa vumbi. Afadhali mdudu mdogo aliye wazi kuliko mkubwa aliye ukungu.

Mdudu aliyepatikana amekufa mshike kwa kibano kwenye mabawa, kamwe si kwa tumbo, maana mwiba bado unaweza kuchoma. Aliye hai ndani ya chupa mweke kwenye friza usiku mzima. Saa moja haitoshi, atazinduka akipata joto. Nyigu na sisimizi hukaa vizuri ndani ya spiriti ya asilimia 70. Nyuki mweke mkavu, kwa sababu akilowa manyoya hugandana na rangi zake hupotea, na hizo ndizo mtaalamu anazohitaji. Weka karatasi ndani ya chupa: mahali, tarehe, kimo cha kiota kutoka ardhini, kimejengwa kwa nini, na mdudu alikuwa anafanya nini. Mdudu mzuri asiye na maelezo hayo hupoteza nusu ya thamani yake.

Kama umeshadungwa

Angalia ngozi mara moja. Mwiba uliobaki umenasa, pamoja na kifuko kidogo kinachotetemeka, ni wa nyuki wa asali. Una vijino vinavyokamata ngozi, na kifuko huendelea kusukuma sumu hata nyuki akiwa ameshaondoka. Utoe papo hapo, kwa ukucha au kwa kubana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa namna ya kuutoa haina uzito. Sekunde unazopoteza kutafuta kisu ndizo zinazoongeza uvimbe. Nyigu, mavu, seremala na Bombus huchomoa mwiba wao na wanaweza kurudia. Kukosa mwiba hakuthibitishi kuwa ni nyigu, kwa sababu unaweza kuwa umefutwa na mkono au nguo, na wapo nyigu wachache wa Amerika ya kitropiki wanaoacha wao.

Maumivu na uvimbe wa mahali ulipodungwa ni kawaida. Vipele au mwasho mbali na mahali hapo, midomo au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, kutapika au kizunguzungu ni mzio mkali: sindano ya adrenalini pajani kama ipo, mgonjwa alazwe chini hapo hapo, na msaada wa dharura uitwe bila kusubiri. Akipumua kwa shida, aachwe akae. Kudungwa ndani ya mdomo, au kudungwa mara nyingi hata bila mzio, kunahitaji hospitali pia.

Hapo ndipo utambuzi unapokuwa na faida nyingine. Matibabu ya kuuzoeza mwili sumu hufanywa kwa sumu ya kundi husika; sumu ya nyigu na ya mavu zinakaribiana, ya nyuki ni tofauti, na mgonjwa aliyepewa isiyo yake hapati kinga anayoihitaji. Mpe daktari mambo manne: kama mwiba ulibaki, kiota kilikuwa cha nta, karatasi au udongo, kilikuwa wapi, na wadudu walikuwa wangapi. Kama mdudu amepatikana, mpeleke naye, ndani ya kichupa kilichofungwa.